Ukianguka, Pambano Halijaisha (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulichambua ngumi na mateke. Leo tushuke chini, mahali ambapo wanafunzi wengi wa karate na taekwondo hawajafundishwa lolote.

Mkazi wa Dundori anaijua ardhi yake. Masika ikikolea, miteremko huwa utelezi mtupu, na hata mbeba gunia la viazi hupima kila hatua. Rusha teke la juu hapo, na mguu uliobaki chini utakosa pa kushika. Umelala chali, adui yuko juu yako, na mkanda wako mweusi haukwambii ufanye nini.

Tena wahuni hawasubiri uteleze. Ngeta, yaani kabali ya shingo, hupigwa kutoka nyuma. Mkono ukikaza pande mbili za shingo, hubana mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na mtu huweza kuzirai kwa takriban sekunde 10 ilhali kifua bado kinavuta hewa. Ndiyo maana mcheza judo huzoezwa mapema: inamisha kidevu, kamata mkono ule kwa mikono yako yote miwili uuvute chini, shusha kiuno. Mambo hayo hufanywa kwa pamoja, bila kusita.

Jigoro Kano aliasisi judo mjini Tokyo mwaka 1882. Mwanafunzi wa shule yake, Mitsuyo Maeda, aliufikisha ujuzi huo Brazil, nao ukoo wa Gracie ukaukuza. Novemba 1993, mjini Denver, Royce Gracie, mwenye kilo 80 hivi, aliwashinda ulingoni wanaume watatu usiku mmoja, bondia akiwa mmojawao.

Mfano wa karibu zaidi ni mpiganaji Francis Ngannou wa Cameroon. Januari 2018 ngumi zake za kutisha hazikumfaa mbele ya Stipe Miocic, aliyembwaga na kumlalia raundi baada ya raundi. Januari 2022, goti likiwa limeumia, Ngannou mwenyewe ndiye aliyembwaga Ciryl Gane, akabaki na ubingwa.

Sisemi mtu ajilaze barabarani kwa hiari. Washambuliaji wakiwa wawili, chini ni mahali pa kufia. Nadhani faida kubwa ya mafunzo haya ni kujua kuinuka: kuweka magoti yako kati yako na mpinzani, kusukuma nyonga yake, kusimama huku umekinga uso.

Wakenya wanaoujua mchezo huu wapo; Zeddy Cherotich alituwakilisha katika judo kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Mikeka ni ghali, lakini maranda ya mbao yakitandazwa vizuri na kufunikwa turubai yanatosha kuanzia. Kanuni moja isivunjwe: mwenzako akigonga kuonyesha amesalimu amri, mwachilie papo hapo.

Makocha wa Nakuru, tengeni angalau robo ya kila zoezi kwa kazi ya chini, na muanze na watoto, wafundishwe kwanza kuanguka bila kuumia.

Itaendelea.