Jules Verne na safari ya vilindini: Nahodha Nemo, elimu na uhuru

1. Utangulizi

Mnamo mwaka 1869, jarida la Paris lililoitwa Magasin d'éducation et de récréation, mali ya mchapishaji Pierre-Jules Hetzel, lilianza kutoa kwa sehemu riwaya ya Jules Verne yenye jina Vingt mille lieues sous les mers. Sehemu ya mwisho ilitoka mwaka 1870, na mwaka 1871 riwaya nzima ikapigwa chapa katika kitabu kimoja chenye picha nyingi. Mtunzi alizaliwa Nantes, mji wa bandari, mwaka 1828, akafariki Amiens mwaka 1905. Jina lake si geni katika fasihi inayohusu nchi zetu. Riwaya yake ya kwanza ya safari, Cinq semaines en ballon (1863), inaanzia Unguja na kuvuka Afrika kwa puto.

Msomaji wa Kongo aliyepitia shule kwa Kifaransa aweza kuisoma riwaya hii ya baharini bila msaada wa mfasiri. Hata hivyo mara nyingi hukutana nayo ikiwa imefupishwa kwa ajili ya watoto, na katika kufupishwa huko hupotea mambo mazito. Makala haya yanakusudia kujibu maswali matatu. Je, chombo cha Nahodha Nemo kilitokana na nini? Nahodha mwenyewe ni nani? Na lugha ya Kiswahili ingekibebaje kitabu hiki, kama mmoja wa wanafunzi wetu angetaka kukifasiri?

2. Kisa kwa ufupi

Katika mwaka 1866 mabaharia wa mataifa mbalimbali wanasimulia habari za kitu kirefu, chenye kung'aa, kinachokwenda kasi kuliko nyangumi. Mwaka unaofuata meli Scotia inatobolewa. Serikali ya Marekani inaitoa manowari Abraham Lincoln kumsaka mnyama huyo. Ndani yake wamo Pierre Aronnax, profesa wa Makumbusho ya Paris ambaye ndiye msimulizi. Conseil, mtumishi wake, hodari wa kuainisha viumbe. Na Ned Land, Mkanada, fundi wa kurusha chusa. Watatu hao wanatupwa baharini usiku wa mapambano. Wanajikuta juu ya mgongo wa chuma, wala si wa samaki.

Mwenye chombo anawapokea kwa sharti moja tu: hawatatoka tena. Kuanzia Novemba 1867 hadi Juni 1868 wanapita Bahari ya Pasifiki, Bahari ya Hindi, Bahari ya Shamu, Mediterania na Atlantiki. Wanaona uvuvi wa lulu huko Seiloni, hazina iliyozama katika ghuba ya Vigo mwaka 1702, na magofu ya Atlantis ya hekaya. Wanamzika baharia mmoja kati ya matumbawe. Wanafika Ncha ya Kusini, wanakosa hewa chini ya barafu, na wanapigana na pweza wakubwa. Mwisho chombo kinavutwa na mzunguko mkali wa maji katika pwani ya Norwe, na wale watatu wanaokoka.

3. Chombo: kilichojulikana na kilichobuniwa

Husemwa mara nyingi kwamba Verne alitabiri nyambizi. Usemi huo si sahihi. Mholanzi Cornelis Drebbel alikwenda chini ya maji ya mto Thames yapata mwaka 1620. Mmarekani Robert Fulton alijaribu nchini Ufaransa, mwaka 1800, chombo alichokiita Nautilus; jina hilo Verne alilikuta tayari. Mwaka 1863 Wafaransa walishusha majini Plongeur, iliyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Mwaka 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, chombo H. L. Hunley kiliizamisha manowari Housatonic, nacho kikaangamia pamoja na watu wake wote.

Alichokiongeza Verne ni nguvu ya umeme. Vyombo vya wakati ule viliendeshwa kwa mikono ya watu au kwa hewa, navyo vilichoka upesi. Nautilus ya riwaya, yenye urefu wa meta 70 na upana wa meta 8, inapata umeme kwa betri za sodiamu na zebaki, na sodiamu hiyo hutolewa katika chumvi ya bahari. Umeme unazungusha rafadha, unaleta mwanga na unapika chakula. Hapa mtunzi alitangulia mafundi, kwa sababu nyambizi ya kwanza ya jeshi la Ufaransa kwenda kwa umeme, Gymnote, ilishushwa majini mwaka 1888.

Kanuni ya kuzama na kuibuka ni ile ile ya Arkimedi. Chombo huelea maadamu uzito wake haujazidi uzito wa maji kinayoyasukuma. Matangi yakijazwa maji, kinazama. Maji yakitolewa kwa pampu, kinaibuka. Kizuizi kikubwa ni mkandamizo wa maji, ambao huongezeka kwa kadiri ya anga moja kila meta 10. Tuchukue mfano wa karibu: katika kilindi cha Ziwa Tanganyika, chenye meta 1,470 hivi, kila sentimita ya mraba hubeba uzito wa kilo 147 zaidi ya ule wa hewa ya juu.

Katika jambo hili Verne alikosea. Anasema Nautilus ilishuka hadi meta 16,000, hali bahari yote haina kina cha namna hiyo. Lakini tusimlaumu. Safari ya meli Challenger, iliyopima vilindi vya dunia kwa utaratibu, ilifanyika baada ya kitabu chake, kati ya mwaka 1872 na 1876. Jacques Piccard na Don Walsh walipofika mwaka 1960 katika shimo la Mariana, mahali penye kina kupita pote, walikuwa kwenye meta 10,900 hivi.

4. Nahodha ni nani?

Nemo ni neno la Kilatini, maana yake ni «hakuna mtu». Mwenye jina hilo asema amekata kila uhusiano na nchi kavu. Chakula chake, mavazi yake, wino wake na hata sigara zake hutoka baharini. Ana vitabu 12,000, kinanda, na picha za wachoraji mashuhuri. Pamoja na hayo, katika chumba chake zimetundikwa picha za watu waliopigania uhuru: Kosciuszko wa Polandi, Botzaris wa Ugiriki, O'Connell wa Ireland, Lincoln, na John Brown aliyenyongwa kwa kupinga utumwa.

Waswahili husema: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maji yaliyoingia chomboni, yakimbilie nyuma au mbele, hatima yake ni chini katika ngama. Ndivyo alivyo nahodha huyu. Anakimbia mambo ya nchi kavu, na kila mara mambo hayo yanamrudia. Dhahabu ya Vigo haikai chomboni mwake. Tayari amewapelekea watu wa Krete walioinuka dhidi ya utawala wa Waturuki. Huko Seiloni anajihatarisha kwa papa ili kumwokoa mvuvi maskini wa lulu, kisha anampa kifuko cha lulu. Akiulizwa sababu, anajibu kwamba mtu yule ni wa nchi ya wanaoonewa, na kwamba yeye pia ni wa nchi hiyo.

Nchi hiyo ni ipi? Tunajua kwamba Verne alikusudia Nemo awe Mpolandi, ambaye jamaa zake waliuawa na Warusi katika maasi ya mwaka 1863. Hetzel alikataa, kwani vitabu vyake viliuzwa Urusi. Alipendekeza nahodha awe adui wa wafanyabiashara ya watumwa; Verne naye hakukubali. Kwa hiyo manowari inayozamishwa mwishoni mwa kitabu haina bendera inayotajwa, na chuki ya Nemo imebaki bila anwani. Msomaji wa huku kwetu hawezi kupita hapa bila kutua. Miaka ile ile ambamo watu wawili wa Paris walikuwa wakijadiliana kwa barua, soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi. Lilifungwa mwaka 1873, na misafara iliendelea kuisumbua Maniema hata baadaye.

Katika L'Île mystérieuse, iliyotoka mwaka 1874 na 1875, Nemo anakufa akiwa Mwana wa Mfalme Dakkar, Mhindi wa Bundelkund, aliyepigana na Waingereza katika maasi ya mwaka 1857. Tarehe za riwaya hizi mbili hazipatani hata kidogo. Lakini uamuzi wenyewe una uzito: msomi mkubwa kuliko wote katika kazi za Verne, mwenye kuwapita mafundi wa Ulaya, ni mtu wa nchi iliyotawaliwa. Hatusemi kwamba Verne aliepukana na fikra za zama zake. Sura ya Wapapua, wanaorushwa na umeme wapandapo ngazi ya chombo, imeandikwa kwa kicheko kisichopendeza. Hata hivyo katika sura hiyo hiyo, Nemo anapoambiwa habari za «washenzi», anauliza ni wapi duniani wasipopatikana. Kitabu kinabishana na chenyewe, na mabishano hayo yanafaa kusomeshwa.

5. Mwanachuoni kifungoni

Jambo linalotuhusu zaidi sisi watu wa chuo kikuu ni hali ya Profesa Aronnax. Ni mfungwa, naye ni mwenye furaha. Aliandika juzuu mbili juu ya siri za vilindi bila kuviona. Sasa anaviona kwa macho yake kupitia kioo cha sebule. Ana maktaba, ana mwenzi wa mazungumzo, ana samaki wasiotajwa katika kitabu chochote. Ned Land, asiyejali vitabu, anahesabu siku na kupima umbali wa pwani. Kila anapoleta shauri la kutoroka, profesa anaomba tungoje kidogo: bado bahari hii, bado ncha ile.

Verne hakumfanya Ned Land kuwa mjinga wala Aronnax kuwa mwovu. Aliweka tu swali: elimu inayopatikana kwa hisani ya mtu mmoja, ambayo haiwezi kupelekwa kwa wengine, ni elimu ya namna gani? Jibu linakuja taratibu. Nahodha anapoizamisha manowari pamoja na mabaharia wake, na profesa anatazama kupitia kioo kile kile alichotazamia samaki, anatambua kwamba kukaa kwake kimya kumemfanya shahidi, karibu mshiriki. Ndipo anapokubali kuondoka, tena na maandishi yake mkononi. Kama asingeondoka, tusingelikuwa na kitabu.

6. Tatizo la tafsiri

Shida inaanzia kwenye jina. Lieue ya Verne ni kilometa 4, kwa hiyo 20,000 ni kilometa 80,000, karibu mara mbili ya mzingo wa dunia. Ni urefu wa njia, si kina. Tukiandika «ligi», msomaji wa leo atafikiri habari za mpira. Zaidi ya hayo, les mers ni wingi, kwani chombo kinapita bahari moja baada ya nyingine. Katika Kiswahili bahari haibadiliki. Wingi huonekana katika upatanisho tu. Nasi tungependelea: Kilometa elfu themanini chini ya bahari zote.

Jina la Nemo ni mtihani mgumu zaidi. Mizizi yake imo katika Odiseya ya Homeri, ambamo Odiseo analiambia jitu lenye jicho moja kwamba anaitwa Outis, yaani «hakuna mtu». Jitu linapopiga kelele kuwa Outis analiua, majirani wanaondoka. Katika Kiswahili, kama katika lugha nyingine za Kibantu, ukanushi hukaa katika kitenzi. Hatuna nomino moja yenye maana ya «mtu asiyekuwapo», na jina kama «Simtu» halimdanganyi yeyote. Lakini jaribu Hakuna. Majirani wanauliza: «Nani anakuua?» Jitu linajibu: «Hakuna!» Hila imefaulu. Mfasiri wa Verne aweza kuliacha jina Nemo lilivyo, na kuitumia njia hiyo katika maelezo.

Na capitaine? Huku kwetu kapita ni msimamizi wa wafanyakazi, na kapitene ni samaki anayeliwa sana. Nahodha, neno lililotoka Uajemi, linafaa zaidi, maana asili yake ni bwana wa chombo. Lugha ya pwani inayo pia farumi kwa uzito wa kutulizia chombo, bildi kwa risasi ya kupimia kina, chusa, mkuku na rafadha. Maneno hayo hayasikiki katika masoko ya Lubumbashi, lakini yamo katika kamusi, na wavuvi wa Kalemie na Uvira wana yao ambayo yangestahili kukusanywa kabla mfasiri hajashika kalamu.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba Nautilus haikuwa utabiri bali hesabu ya mtu aliyesoma vizuri mafundi wa zama zake. Kwamba nahodha wake alinyimwa nchi kwa sababu za biashara, kisha akapewa nchi iliyotawaliwa. Na kwamba profesa wake alichelewa kutambua bei ya maktaba yake. Kazi ya kukifasiri kitabu hiki haihitaji chombo cha chuma. Yahitaji mwanafunzi mwenye Kifaransa, mwenye Kiswahili, na aliye tayari kwenda kando ya Ziwa Tanganyika na daftari kuwauliza wavuvi wanaviitaje vitu ambavyo sisi tunavijua kwa Kifaransa tu.