Boflo, basi na baridi: pa kukaa Marekani

Mtu wa Mlandege, hapa Unguja, akitaka boflo la asubuhi huvaa kandambili, akashuka ngazi, akarudi chai haijapoa. Chini ya nyumba kuna duka la vitambaa, jirani yake fundi wa simu, adhana inaingia dirishani, na Darajani ni mwendo wa salamu mbili tatu. Hakuna anayelisifu jambo hilo, maana hakuna aliyewahi kulikosa. Kijana wetu anayehamia Marekani hulikosa wiki ya kwanza, na si kwa kuwa ameangukia pahala pabaya. Miji mingi ya kule imelipiga marufuku kwa sheria.

Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya kijiji cha Euclid, jimbo la Ohio, ikathibitisha kwamba serikali za miji zina haki ya kugawa ardhi kwa matumizi: hapa nyumba tu, kule maduka, kwengine viwanda. Miji ikaitumia haki hiyo kwelikweli. Sehemu kubwa ya ardhi ya makaazi ikatengewa nyumba za familia moja moja, kila moja na majani yake mbele na pa kuegeshea gari ubavuni. Kufungua duka la mkate katikati ya mtaa wa namna hiyo ni kosa, na kupangisha familia juu ya duka mara nyingi pia ni kosa. Mlandege ukiihamishia huko, nyumba ya kwanza tu ingeshaandikiwa faini.

Kwa hivyo anayelinganisha miji ya Marekani kwa mshahara na kodi ya nyumba peke yake anapima nusu ya jambo. Nusu ya pili ni umbali baina ya kitanda, kazi, skuli na msikiti, na nani atakupeleka.

New York na Los Angeles tuziache. Zimeshasemwa vya kutosha, na wengi wa watu wetu hawakai huko. Wasomali, Wakongo, Wakenya, Watanzania na wengineo wamejaa zaidi katika miji isiyoonekana sana kwenye filamu: Columbus ya Ohio, Louisville na Lexington za Kentucky, Minneapolis ya Minnesota, Portland na Lewiston za Maine. Wengine walipelekwa na mashirika yanayopokea wakimbizi. Wengine walifuata kazi za maghala na viwanda, na kodi iliyo nafuu kuliko ya miji mikubwa ya pwani. Wa kwanza akishatulia, humwita nduguye.

Columbus ndiyo kubwa katika hizi, ina watu 900,000 na ushei, na Wasomali wake wanahesabiwa wa pili kwa wingi nchini baada ya wa Minnesota. Kazi zipo: maghala yameuzunguka mji, na kiwanda cha magari cha Honda kiko Marysville, nje kidogo, tangu 1982. Treni ya abiria haijafika hapo tangu 1979. Mji mkuu wa jimbo, na hauna hata behewa moja. Kuna mabasi, na njia iliyo bora ni ya Cleveland Avenue, yenye basi la mwendo wa haraka tangu 2018. Kwa bahati njema barabara hiyohiyo, pamoja na Morse Road, ndiko yaliko maduka ya Kisomali, nyama ya halali, sambusa na ofisi za kutuma pesa. Mgeni akipanga chumba huko anaweza kuishi bila gari kwa muda. Akipanga Dublin au Hilliard, vitongoji vya pembeni, asipokuwa na gari amefungwa.

Lakini hapo ndipo mume na mke wanapoanza kuvutana. Skuli za Ohio hutegemea mno kodi ya majengo ya eneo lenyewe, kwa hivyo mtaa wenye nyumba za thamani una skuli zenye fedha. Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema mwaka 1997 kwamba utaratibu huo unakwenda kinyume na katiba ya Ohio. Mivutano ya bajeti haijesha hadi leo. Basi mama anataka Cleveland Avenue kwa ajili ya soko na majirani, baba anataka Dublin kwa ajili ya skuli, na mwisho hununuliwa magari mawili. Gari la kule lina bima ya lazima, mafuta, matengenezo, na mara nyingi mkopo wenye riba, jambo linalowasumbua Waislamu wengi kuliko baridi.

Kentucky inajulikana kwa farasi na ulevi wa mahindi, vitu viwili ambavyo si vya kumvutia mtu wetu. Hata hivyo Lexington ni mji ambao Kiswahili unaweza kukisikia dukani, kwa sababu ya Wakongo waliopelekwa huko. Ni Kiswahili cha Bukavu na cha Lubumbashi. Mzee wa Malindi angekikunja uso dakika tano, ya sita akaagiza chai. Mji wenyewe una watu kiasi cha 320,000 na umejiwekea mpaka tangu 1958: ndani ya mstari nyumba, nje mashamba ya farasi. Unaendesha kwenye mtaa wa kawaida, mara nyumba zinakatika na uzio wa mbao unaanza, mweusi au mweupe, unakwenda mpaka macho yachoke. Panapendeza. Ila ardhi ya kujengea inakuwa chache, na kodi hupanda. Kiwanda cha Toyota kiko Georgetown, mji wa jirani, na mabasi ya Lexington si ya kutegemewa na mtu wa zamu ya usiku.

Louisville iko ukingoni mwa mto Ohio. Ndiko alikozaliwa Muhammad Ali na ndiko alikozikwa mwaka 2016. Ningekuwa na kijana wa miaka 19 asiye na mtoto wala mke, huko ndiko ningempeleka, na sababu ni uwanja wa ndege. Kampuni ya vifurushi ya UPS ina kituo chake kikuu hapo. Ndege hutua mfululizo kuanzia kabla ya saa sita za usiku, vifurushi vikapita kwenye mikanda kwa kasi ya zaidi ya 400,000 kwa saa, na alfajiri ndege zimeshaondoka. Kazi ni nzito na huvunja usingizi. Lakini tangu 1998 kuna mpango kwamba mwanafunzi anayefanya zamu hiyo hulipiwa ada ya chuo hapohapo Louisville. Kima cha chini cha mshahara cha Kentucky ni kile cha taifa, dola 7.25 kwa saa, hakijasogea tangu 2009. Maghala hulipa zaidi ya hapo, ila atakayeangukia jikoni mwa mkahawa ajue sheria haitamtetea sana.

Kama ni kutafuta mji unaokaribiana na hapa petu kwa jinsi watu wanavyoishi, jibu ni Minneapolis, na hilo huwashangaza watu kwa sababu ya baridi. Wastani wa Januari ni kama nyuzi 9 chini ya sifuri, na kuna asubuhi za nyuzi 25 chini. Lakini mtaa wa Cedar-Riverside una majumba marefu ya ghorofa yenye vibao vya rangi nyekundu, manjano na buluu, yaliyofunguliwa 1973, wakati Michenzani yetu bado inajengwa. Wasomali wameyajaza. Treni ya mjini inapita kando yake tangu 2004 na inakwenda hadi uwanja wa ndege. Kuna msikiti, kuna zahanati, kuna wazee waliokaa wakibishana siasa za nchi waliyoikimbia. Aprili 2023 baraza la mji lilipitisha sheria ya kuruhusu adhana kwa vipaza sauti nyakati zote tano, ukiwa mji mkubwa wa kwanza nchini kufanya hivyo.

Soko la Karmel, upande wa kusini wa mji, ni Mlandege iliyotiwa ndani ya jengo moja ikafungiwa milango kwa ajili ya theluji. Vijiduka vimebanana ghorofa juu ya ghorofa: madera, baibui zinazoning'inia hadi kwenye ujia, mafundi cherehani, dhahabu, hina, mawakala wa hawala, chai ya maziwa yenye iliki, na msikiti humohumo. Mtu huingia saa nne asubuhi kununua soksi akatoka baada ya alasiri. Mwaka 2018 mji huo pia uliamua kuondoa sheria ya nyumba ya familia moja tu, mapema kuliko miji mingine mikubwa.

Yapo pia yasiyotumwa kwenye WhatsApp. George Floyd aliuawa na polisi Minneapolis Mei 2020. Miezi miwili kabla, Breonna Taylor aliuawa na polisi ndani ya nyumba yake Louisville. Grand Rapids ya Michigan, mji mwengine wenye Wakongo wengi, Patrick Lyoya aliyekuja kama mkimbizi alipigwa risasi na polisi Aprili 2022 baada ya kusimamishwa akiwa na gari. Mzazi anayemfundisha mwanawe kuendesha gari kule humfundisha pia mikono aiweke wapi.

Maine ni mambo mengine. Portland ina bahari, visiwa, na boti za abiria zinazokwenda Peaks Island watu wakiwa na vikapu vyao. Wavuvi wanatega kamba koche. Mzanzibari angepapenda siku ya kwanza tu, halafu angeuliza kodi. Nyumba ni chache mno kiasi kwamba mwaka 2019 mamia ya wageni kutoka Kongo na Angola walilazwa katika ukumbi wa mpira wa kikapu, na mwaka uliofuata wapigakura wakapitisha udhibiti wa kodi. Wengi huishia Lewiston, mji wa ndani wa watu kiasi cha 37,000, wenye viwanda vya nguo vilivyokufa. Sisi na kona hiyo ya Marekani hatukujuana jana: wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walituletea merikani iliyofumwa katika viwanda vya huko, Marekani ikafungua ubalozi mdogo hapa Unguja mwaka 1837, na meli ya Seyyid Said, Sultana, ikafika New York mwaka 1840.

Wasomali walianza kuingia Lewiston mwaka 2001. Oktoba 2002 meya aliandika barua ya wazi akiwaomba wapunguze kuja. Januari iliyofuata kikundi cha wabaguzi kilikwenda kuandamana, na maelfu ya wenyeji wakajitokeza kuwapinga. Mwaka 2015 skuli ya sekondari ya mji ilitwaa ubingwa wa jimbo wa mpira wa miguu, timu yake imejaa watoto wa wageni. Miongoni mwa wageni hao wamo Wazigua, wajukuu wa watu waliochukuliwa upande wa Tanga karne ya 19 wakauzwa Somalia, na baadhi yao bado wanasema Kizigua. Ni safari ndefu kwa watu waliotoka Handeni.

Kwa familia yenye watoto ningetaja Minneapolis kwanza, Columbus pili, lakini kwa sharti la mtaa. Kabla ya kukata tikiti, mpigie ami yako aliyeko huko na umuulize namba ya basi linalopita mlangoni, dakika ngapi kwa miguu mpaka duka la chakula, na Ijumaa anaswali wapi. Akikujibu, "Usijali mwanangu, gari lipo, nitakupeleka mwenyewe," muulize anaingia zamu ya saa ngapi.