Sambaza ya Nairobi, sambaza wa Goma

Mfanyabiashara wa Nairobi akiambiwa "nisambazie", huenda akaangalia kwanza salio la simu yake. Mwenzake wa Mwanza ataelewa kwamba anatakiwa kugawa mzigo madukani. Lakini ulizia sambaza katika soko la Goma au Bukavu, utaoneshwa samaki wadogo, wabichi au wakavu, na bei itaanza kutajwa hapohapo.

Kwa anayevuka mpaka na mzigo, hili si suala la walimu wa lugha. Ni suala la fedha.

Sambaza wa Ziwa Kivu, ambao upande wa Rwanda huitwa isambaza, asili yao si humo. Walipandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kutoka Ziwa Tanganyika, ambako ni mojawapo ya aina mbili za samaki wanaouzwa kama dagaa wa Kigoma. Samaki huyohuyo alipelekwa Ziwa Kariba mwaka 1967 na 1968, na Wazambia wanamwita kapenta. Kwa hiyo mnunuzi wa Tunduma anayetafuta dagaa wa Tanganyika, akivuka kuingia Nakonde aulizie kapenta.

Bujumbura na Uvira, dagaa wa ziwa hilo ni ndagala. Neno hili linafanana na dagaa, na bidhaa ni ileile. Tatizo linaanza ukifika Kampala. Kwa Kiganda, endagala ni majani ya mgomba, yale yanayofungiwa matoke wakati wa kupika. Mrundi anayeulizia ndagala huko asishangae kuoneshwa majani. Akitaka samaki, aseme mukene.

Hata hivyo, hasara kubwa haitoki kwenye maneno yanayotofautiana, bali kwenye neno moja linalobeba bidhaa tatu. Mukene wa Uganda, omena wa Kisumu na dagaa wa Mwanza au Musoma ni samaki mmoja wa Ziwa Victoria. Huyo hana udugu wa karibu na dagaa wa Kigoma, na sokoni Dar es Salaam yule wa Kigoma kwa kawaida huuzwa ghali zaidi. Dagaa wa Unguja naye hutoka baharini, huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na wateja wake wengi wako Kongo. Wote watatu wanaitwa dagaa.

Ndiyo maana ujumbe wa simu usemao "nitumie dagaa gunia 20" ni mlango wa ugomvi. Muuzaji anaweza kutuma mzigo halali kabisa, na mnunuzi akaona ametapeliwa.

Kabla ya kutuma pesa, andika mambo manne. Kwanza, dagaa wa ziwa gani, au wa baharini. Pili, wa kula au wa kuku, maana sehemu kubwa ya dagaa wa Victoria huishia kwenye chakula cha mifugo. Tatu, wameanikwa juu ya chanja au mchangani, kwa sababu mchanga utalipiwa kama samaki. Nne, kilo ngapi kila gunia, kwani gunia ni mfuko, si uzito.

Ukiona mwenzako ametumia neno usilolizoea, mwombe picha ya mzigo. Picha haihitaji mkalimani.