Milki ya Simba wa Witu

Neno milki lina maana mbili: mali ya mtu binafsi na himaya ya mtawala. Huko Witu, kwenye njia ya kutoka Garsen kwenda Lamu, maana hizo zilikuwa kitu kimoja.

Ahmed bin Fumo Luti, Mnabahani wa Pate aliyepewa lakabu ya Simba, aliweka makao yake humo katika miaka ya 1860 baada ya kushindwa na Zanzibar. Askari wa Zanzibar hawakuweza kumng'oa msituni. Naye hakuweza kurudi Pate. Vita vikakwama, lakini kilimo kiliendelea. Watumwa watoro waliokimbilia kwake walipata mahali pa kulima, na ilipolazimu walishika bunduki. Kumgawia mtoro konde, basi, kulikuwa pia kuandikisha askari.

Tarehe 8 Aprili 1885, huku Sultani Barghash akizidi kumtishia, Simba alimpa Mjerumani Clemens Denhardt maili za mraba 25. Tarehe 27 Mei Ujerumani ikatangaza himaya yake. Mapatano ya ardhi (ndipo utata wa milki ulipodhihirika) yakageuka mkataba wa dola. Mwaka 1890 Ujerumani iliikabidhi Witu kwa Uingereza. Waliolima makonde yale hawakuulizwa.