KWA NINI MBEGU CHOTARA HAIRUDIWI?

Kila msimu wa kupanda ukikaribia, swali hili huulizwa katika madarasa yetu ya kisomo: "Nilinunua mahindi chotara, nikavuna vizuri. Kwa nini nisichague yale makubwa niliyovuna nikayapanda tena? Kwa nini ninunue mbegu kila mwaka?"

Swali hili ni la haki. Pesa ya mkulima haiokotwi njiani. Basi tulitazame vizuri.

Mmea wa mahindi una maua ya namna mbili. Ua dume liko juu kileleni, nalo ni mbelewele. Ua jike liko ubavuni, kwenye hindi changa. Zile nywele zinazotokeza ndizo zinazopokea unga wa mbelewele. Kila unywele ukipata unga huzaa punje moja. Upepo ndio unaochukua unga wa shina hili na kuupeleka kwa shina lile.

Watu wanaozalisha mbegu chotara hawauachii upepo uchague. Wao huchagua wazazi wawili wa koo mbalimbali. Hupanda mistari ya mama karibu na mistari ya baba. Kabla mbelewele za mama hazijamwaga unga, vibarua hupita na kuzing'oa zote. Kwa hiyo mama hupata unga wa baba tu. Punje zinazovunwa kwa mama ndizo mbegu chotara. Kazi hii ni kubwa, na ni sababu moja ya mbegu kuwa ghali.

Tuchukue mfano wa Kitale, nchini Kenya. Watafiti walichanganya mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador, nchi yenye milima huko Amerika ya Kusini. Watoto wakawashinda wazazi wote wawili kwa mazao. Chotara huyo, H611, alitolewa kwa wakulima mwaka 1964. Nguvu yake ilitokana na kukutana kwa koo zilizokaa mbali muda mrefu.

Je, ukipanda punje ulizovuna, inakuwaje? Shambani kwako hakuna tena mama na baba waliochaguliwa. Chotara wale ni ndugu, nao wanapeana unga wenyewe kwa wenyewe. Watoto wao hawalingani: huyu mrefu, yule mfupi, huyu ana hindi kubwa, yule kibunzi. Hata ukichagua hindi kubwa kuliko yote, ile nguvu ya mchanganyiko haiendi yote kwa mtoto.

Sasa tupige hesabu. Tuseme eka moja ilikupa magunia 16. Mazao yakipungua kwa robo, utapata magunia 12. Magunia 4 yamepotea, na jembe, palizi na mbolea ni vilevile. Mbegu ya eka moja ni kama kilo 10 tu. Linganisha bei ya kilo 10 za mbegu na bei ya magunia 4 ya mahindi.

Lakini si kila mbegu bora ni chotara. Katumani, Staha na Kilima si chotara. Hizi unaweza kujiwekea mbegu kwa misimu mitatu hivi, kisha ununue mpya. Chagua mahindi yakiwa bado shambani. Chukua katikati ya shamba, kwenye mashina mengi yenye afya. Usingoje kuchagua ghalani, maana huko huwezi kujua shina lilikuwaje.

Ukinunua chotara, muulize bwana shamba au bibi shamba ni ipi inayofaa kwenu. Chotara za Kitale zenye namba za 600 zinafaa nchi za juu zenye mvua ndefu. Angalia pia kama pakiti haijafunguliwa.

Na kama bado una wasiwasi, jaribu mwenyewe. Panda mistari 5 ya chotara mpya na mistari 5 ya punje za mwaka jana. Iwe siku moja, udongo mmoja, mbolea sawasawa. Vuna kila upande peke yake, upime kwa debe, uandike katika daftari lako. Daftari hilo litakuonyesha faida iko wapi.