Bakteria Sugu Huhama na Mgonjwa

Juni 2011, mgonjwa mmoja alihamishwa kutoka hospitali ya jiji la New York hadi hospitali ya utafiti ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, Bethesda, Maryland. Waliompokea walijua ana Klebsiella pneumoniae, bakteria aliyekwisha kuzishinda hata karbapenemu, dawa ambazo madaktari huziweka akiba kwa maambukizi mazito. Wakamtenga, wakavaa glavu na mavazi ya kujikinga, na Julai akaruhusiwa kutoka.

Wiki chache baadaye bakteria huyo akaonekana kwa mgonjwa wa pili, kisha wengine. Jumla ilifika 18. Walifariki 11, na vifo sita vilitokana na maambukizi hayo.

Watafiti walisoma vinasaba vya bakteria wa kila mgonjwa na kulinganisha tofauti ndogondogo. Chanzo kilikuwa yule wa kwanza, na alikuwa ameambukiza kwa zaidi ya njia moja. Bakteria alikutwa pia kwenye mabomba ya sinki na kwenye mashine ya kupumulia iliyokwisha kusafishwa.

Je, alijificha wapi wiki zote zile? Tumboni. Klebsiella huweza kuishi kwenye utumbo wa mtu bila homa wala maumivu, huku akihamia kwa wengine kupitia mikono na vifaa. Akiingia kwenye damu au mapafu ya mgonjwa aliyedhoofika kinga, ndipo huweza kuua. Isitoshe, jeni ya usugu mara nyingi hubebwa na plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria huweza kumpa mwenzake, hata wa spishi nyingine. Na kila antibiotiki isiyo ya lazima huua bakteria dhaifu, ikiwaachia sugu uwanja.

Kwa hiyo kusubiri dalili ni kuchelewa. Bethesda walidhibiti mlipuko kwa kuwapima hata wasioonyesha dalili kwa sampuli za njia ya haja kubwa, kuwatenga wabebaji pamoja na wahudumu wao, kusimamia unawaji wa mikono na kufukiza vyumba kwa mvuke wa haidrojeni peroksaidi.

Hakuna hospitali inayojikinga peke yake. Barua ya rufaa inayotaja ugonjwa na kunyamazia bakteria sugu ni barua pungufu. Nawe ukilazwa, mwambie daktari ulikolazwa karibuni na antibiotiki ulizotumia, hata kama hajakuuliza.