Bildad Kaggia na Swali la Ardhi: Tumpimeje Mbunge Anayehama Chama?

Mbunge anapohama chama, wale anaowaacha humwita msaliti, na wale wanaompokea humwita shujaa. Kada hawezi kutosheka na majina hayo mawili, kwa sababu hayajibu swali la msingi: mbunge huyo alitetea maslahi ya nani kabla ya kuhama, na anatetea maslahi ya nani baada ya kuhama? Maisha ya kisiasa ya Bildad Kaggia wa Kenya yanatusaidia kulielewa swali hilo.

Kaggia alikomazwa na mapambano. Baada ya kutumikia jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Pili, aliongoza wafanyakazi mjini Nairobi katika vyama vyao, na akawa miongoni mwa viongozi wa KAU. Alikamatwa Oktoba 1952. Aprili 1953, katika kesi ya Kapenguria, alihukumiwa kifungo cha miaka saba pamoja na wenzake watano, akiwamo Jomo Kenyatta. Mwaka 1963 wananchi wa Kandara, Murang'a, walimchagua kuwa mbunge kwa tiketi ya KANU, na Serikali ikampa kazi ya kumsaidia Waziri wa Elimu.

Mgongano ulizuka juu ya ardhi. Mashamba ya walowezi yalikuwa yakinunuliwa kwa fedha za mkopo, na mkulima aliyepewa kipande alitakiwa kulipa deni. Kaggia aliuliza: mtu aliyenyang'anywa shamba kwa nguvu ailipieje tena haki yake? Alitaka wasio na ardhi wapewe bure, na mashamba makubwa yaendeshwe kwa ushirika. Juni 1964 aliondolewa katika wadhifa wake. Mwaka 1965, katika mkutano wa hadhara, Mzee Kenyatta alimlinganisha na wafungwa wenzake waliokwisha kujipatia mali, akamwuliza yeye amejifanyia nini. Katika swali hilo tunaona mabadiliko makubwa: uongozi ulikuwa umeanza kupimwa kwa utajiri wa kiongozi, wala si kwa hali ya wavujajasho waliomchagua.

Machi 1966 mkutano wa KANU huko Limuru ulifuta cheo cha makamu mmoja wa rais wa chama, ukaweka makamu wanane wa majimbo. Kwa njia hiyo Oginga Odinga alinyimwa nafasi yake. Aprili Odinga alijiuzulu Umakamu wa Rais wa nchi, akaongoza chama kipya cha KPU, na Kaggia akawa naibu wake.

Hapo ndipo sheria ilipotumika kama silaha. Wabunge wa KADU walipovunja chama chao na kuingia KANU mwaka 1964, hawakutakiwa kurudi kwa wapiga kura. Lakini wenzao walipotoka KANU mwaka 1966, Katiba ilirekebishwa haraka ili kila aliyehama apoteze kiti na kugombea upya. Kanuni yenyewe ina haki ndani yake, maana kiti ni mali ya wananchi. Kasoro ni kwamba ilitungwa baada ya tendo, na kwa ajili ya upande mmoja tu.

Katika uchaguzi mdogo wa 1966, KPU ilipata viti 9 kati ya 29, ingawa jumla ya kura zake ilizidi za KANU. Kaggia alishindwa Kandara. Mwaka 1968 alifungwa kwa kosa la kufanya mkutano bila kibali. Mwaka 1969 alirudi KANU, na Oktoba mwaka huohuo KPU ikapigwa marufuku. Hakurudi tena Bungeni. Alifariki mwaka 2005 bila kujilimbikizia mali kama wengi wa rika lake.

Tunajifunza nini? Kwanza, Kaggia alipohama alipoteza cheo, kiti na hata uhuru wake, lakini swali lake la ardhi halikubadilika. Anayehama akaacha hoja zake mlangoni na kupokea wadhifa ndani ni mtu wa namna nyingine kabisa. Pili, uaminifu wa mtu mmoja hautoshi. Wakulima wasipokuwa na umoja na elimu ya siasa, mtetezi wao hutengwa nao kwa vitisho, kwa ahadi na kwa ukabila. Kurudi kwake KANU kulionyesha udhaifu huo: alirudi yeye, lakini hoja yake haikupewa nafasi.

Hapa kwetu Katiba inasema mbunge akiacha chama kilichomdhamini anapoteza kiti. Mwaka 2017 na 2018 wabunge kadhaa wa upinzani walijiunga na CCM, na baadhi yao wakagombea tena katika majimbo yaleyale. Kada asiridhike kuwahesabu wanaoingia. Awaulize: umekuja na msimamo gani juu ya ardhi, jasho la mkulima na ujira wa mfanyakazi? Jana ulisema nini? Azimio la Arusha la 1967 lilimtaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiyeshiriki katika unyonyaji. Chama kinachosahau kuuliza maswali hayo huongeza kadi, lakini hakiongezi wanachama.